Shilingi Arobaini Iliyosuguliwa kwa Limau

Usiku wa jana niliota nimechelewa kazini, na nilipofika nikakuta sarafu ya shilingi arobaini imekalia stuli yangu, inakata tikiti.

Kazi yangu ndiyo hiyo ya kukata tikiti, katika choo cha kulipia kwenye steji ya mabasi hapa Voi. Mwaka wa kumi na mbili huu. Watu hucheka nikiwaambia, lakini hata ningekuwa karani wa benki nisingepitiwa na sarafu nyingi kiasi hicho. Msafiri aliyebanwa hachagui anachotoa mfukoni. Ndivyo nilivyopata sarafu zangu za ukumbusho, zile ambazo serikali huzitoa kuadhimisha jambo fulani, kisha huziachia zitumike madukani kama sarafu nyingine zozote. Nina arobaini yetu, ya miaka arobaini ya uhuru. Nina elfu moja ya Uganda, ya miaka yao hamsini. Nina hata za yuro mbilimbili, ambazo watalii wa Tsavo hunipa wakitumaini nitawarudishia chenji ya Ulaya. Kila nikiona moja huilipia kwa hela yangu, halali kabisa, na kwenda nayo nyumbani. Zote ni ishirini na saba.

Jumanne iliyopita nilirudi nyumbani nikazikuta zimepangwa mezani juu ya kitambaa cheupe, zinameremeta kama sufuria za harusi. Mke wangu, Wakesho, alikuwa amezisugua moja moja kwa majivu, limau na waya wa kuoshea vyombo. Alikuwa amesimama kando ya meza, vidole vimemkunjamana kwa maji, anangoja niseme neno.

Sasa, mtu yeyote anayeweka sarafu anajua sheria ya kwanza, kwamba sarafu haisafishwi. Ukiisafisha umeichuna ngozi, na thamani yake imekwenda. Nikasema neno. Nikasema maneno mengi, tena kwa sauti, hadi jirani akazima redio yake asikie vizuri. La mwisho lilikuwa, "Umeziua, na hata hujui ulichokiua!"

Tangu hapo Wakesho hajanisemesha. Chakula kikiwa tayari humwandikia ujumbe binti yetu Mkawasi aliyeko Mombasa, naye Mkawasi hunipigia simu na kuniambia, "Baba, mama anasema ugali unapoa." Siku nne mfululizo. Nilifikia kutega sikio kwenye mlango wa jikoni nisikie angalau akikohoa, na hakukohoa. Kiburi kilinizuia kuomba radhi, maana nilijua niko sawa. Sheria ni sheria. Lakini nyumba ilikuwa imepoa na mimi nilikuwa sina raha, na hiyo ndiyo hali niliyolala nayo.

"Umechelewa," shilingi arobaini ikaniambia. Ilikuwa kubwa kama sinia, na mikwaruzo ya waya ilionekana mwili mzima.

"Samahani," nikasema, "lakini hicho ni kiti changu."

"Umekuja kuomba msamaha au kuuliza bei?"

Ndotoni watu wengine hudanganya, mimi siwezi. "Kuuliza bei," nikasema.

"Mlango wa tatu."

Mlango wa tatu ni mbovu tangu Februari. "Huo hauna maji," nikaiambia.

"Kuuliza bei hakuhitaji maji," ikasema, ikanikatia tikiti. Nikatoa shilingi kumi. Ikazipokea, ikazitazama na kuzisalimia kwa jina, kisha ikaziweka kwenye droo.

Nafungua mlango wa tatu na ndani ni ule ukumbi wa kanisa kule Wundanyi, ambako mimi na Wakesho tulifanyiwa sherehe ya harusi. Sioni ajabu yoyote. Kuna foleni ndefu, na juu ya jukwaa kuna meza ya kupimia thamani. Askari mmoja anapita na kurudi akitangaza, "Mshikane kwa ukingo tafadhali! Msiguse nyuso!" Watu wanatii, wanashikana kama sarafu zinavyoshikwa na wanaoziweka. Wachumba wawili wameshikana kwa ncha za viwiko. Mama mmoja amembeba mtoto wake kwa vidole viwili tu, kimoja utosini na kimoja nyayoni, na mtoto ametulia kabisa, amezoea.

Mwanamume aliyekuwa mbele yangu alinuka sana.

"Sijaoga tangu elfu mbili na tatu," akaniambia kabla sijamuuliza. "Kutu yangu yote ni ya asili."

"Hongera," nikasema.

"Mke wangu aliniacha, lakini thamani yangu haijashuka." Akatazama mbele, kisha akanigeukia. "Wewe umeoga?"

"Jana."

"Pole sana," akasema kwa huruma ya kweli, akasogea mbali nami kidogo.

Zamu yangu ikafika. Nyuma ya meza alikuwepo mpimaji mkuu, lenzi kubwa ya kukuzia iliyovaa tai. Ilipoinama kunitazama nikaona jicho langu mwenyewe, kubwa kama sahani, limechoka na lina mishipa myekundu. Nikaitoa ile shilingi arobaini mfukoni. Kwamba muda mfupi uliopita ilikuwa imekaa kwenye stuli, kubwa kama sinia, haikunisumbua.

"Imesafishwa," lenzi ikasema.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Nani aliisafisha?"

"Mke wangu."

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Hukumuuliza?"

"Nilipiga kelele," nikasema. Lenzi ikaandika neno hilo kwenye kitabu na kulipigia mstari mara mbili.

"Ungependa kujua nini?"

"Ningependa kujua ilikuwa na thamani gani kabla haijasafishwa."

Lenzi ikanong'onezana na mizani. Mizani ikashusha mkono mmoja, ikashusha wa pili, ikakohoa. "Arobaini," lenzi ikasema.

"Na sasa?"

"Arobaini."

"Lakini hii ni ya ukumbusho," nikasema. "Ni kitu cha kuwekwa. Miaka inapita, zinapungua, bei inapanda."

"Zinapungua wapi?" lenzi ikauliza bila kejeli, na hilo likaniumiza zaidi. "Zilitolewa kwa wingi. Kila aliyeipata aliambiwa ni ya ukumbusho, akaificha kabatini. Hakuna aliyeitupa. Kitu ambacho watu wote wamekiweka nani atakihangaikia, ndugu yangu? Labda wajukuu wa wajukuu zako wataona faida kidogo ya kununulia soda. Tofauti kati ya bei ya kwanza na ya pili ni sifuri. Tukufungie?"

Kabla sijajibu ikanifungia sifuri yangu kwenye gazeti, ikanikabidhi. Sikuwahi kujua kwamba sifuri ni nzito. Nilijaribu kuibeba begani, nikajaribu kwapani, mwishowe nikajitwika kichwani kama kata ya wachota maji, na shingo ikaanza kuniuma. Nikawa nafikiri: siku nne. Siku nne za kimya kwa ajili ya kitu hiki kilichonikalia kichwani.

"Kuna kitu chako kingine katika chumba cha pili," lenzi ikaniambia. "Hicho kimehifadhiwa vizuri sana. Nenda ukafurahi."

Chumba cha pili hakikuwa na kuta. Kilikuwa na kurasa. Zilisimama wima hadi darini, kurasa za plastiki zenye vifuko, na kila kifuko kilikuwa na mtu au kitu ndani. Mlinzi wake alikuwa kibanio, kile cha kushikia sarafu, amevaa viatu vya wauguzi na anatembea kwa miguu miwili iliyonyooka. Akanipeleka ukurasa wa tisa.

Ndani ya kifuko cha katikati alikuwa Wakesho.

Alikuwa wa miaka ishirini na mbili, katika gauni lile la harusi lililoazimwa kwa dada yake. Alikuwa mzuri hata nikasahau sifuri. Ngozi yake haikuwa na doa wala kovu.

"Daraja la juu kabisa," kibanio akasema. "Hajatumika. Hajapika, hajafua, hajazaa, hajalia. Hakuna mkono uliomgusa tangu atoke kiwandani. Mtu angetoa mali nyingi kwa huyu."

"Wakesho," nikaita. Alitazama mahali fulani juu ya bega langu.

Nikatafuta kile kialama cha mafuta ya moto kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, cha mwaka tuliojaribu kuuza maandazi. Hakikuwepo. Nikatafuta ule mkunjo wa katikati ya nyusi ambao huutoa akinisikia nikijisifu mbele ya wageni. Haukuwepo. Paji lilikuwa laini kama karatasi mpya. Nikaanza kuogopa.

"Mbona haongei?"

"Sauti ni mkwaruzo," kibanio akasema. "Huingia kwa matumizi. Hawa wa daraja la juu hawana."

"Basi mfungue nimsemeshe."

"Ukimfungua atashuka thamani."

"Simtaki huyu," nikasema, na nilishangaa jinsi ilivyotoka upesi. "Huyu simjui. Namtaka wangu. Yule aliyetumika."

Kibanio akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayeomba kurudishiwa viatu vilivyotoboka. "Waliotumika hatuweki hapa. Wako mzungukoni, mikononi mwa watu."

"Nitafikaje huko? Nauli ni kiasi gani?"

"Nauli ni wewe," akasema. Akanitua sifuri, akaiegemeza kwenye ukurasa, akanishika kwa ukingo. Nikahisi mabega yanaingia, miguu inaingia, na kitu fulani kinachapwa mgongoni mwangu, nadhani ni mwaka wangu wa kuzaliwa. Akanirusha juu, nikazunguka mara nyingi, na sikusikia nikianguka.

Nimekuwa sarafu, nimo mkononi mwa muuza nyanya. Ananifunga katika pindo la leso pamoja na ufunguo, giza, joto, harufu ya kitunguu. Nimo kwa fundi wa baiskeli, ananiuma kwa meno huku anakaza nati, kisha ananichomeka sikioni na kunisahau. Nimo kwenye kikapu cha sadaka, natua juu ya wenzangu na hakuna anayeniuliza daraja langu. Nimo kiganjani mwa msichana anayenifumbata kwa nguvu kwa sababu ametumwa sukari na ameonywa asinipoteze. Sijawahi kushikwa hivyo maishani. Kila mkono unaniondolea kidogo, na sisikii maumivu. Nasikia kwamba kuna mahali ninahitajika, na baada ya hapo ninahitajika mahali pengine.

Kisha nafika katika mkono ninaoujua. Ni mgumu chini ya vidole, na una harufu ya limau.

Wakesho amekaa nyuma ya nyumba yetu, kwenye kile kigoda, ni mchana wa Jumanne, kitambaa cheupe kiko mapajani. Ananitia majivu. Ananisugua. Nataka kupiga kelele kwamba sarafu haisafishwi, lakini sina mdomo, na kwa kuwa sina mdomo, kwa mara ya kwanza namsikia.

"Macho ya Baba Mkawasi yamekwisha," alikuwa akiyaambia majivu. "Kila jioni anazileta hizi karibu na taa, anazisogeza, anazirudisha. Juzi ameniambia hii ni ya mwaka sitini na sita, nami naona wazi kabisa imeandikwa tisini na tisa. Alikuwa ameishika juu chini. Sikumwambia. Mtu mwenyewe hapendi kuambiwa." Akanipuliza, akanikamulia limau tena. "Zikitakata ataona mwenyewe. Atasoma, atafurahi, hatajua hata ni kwa nini anasoma."

Akaendelea kusugua. Alikuwa anavuma polepole, wimbo usio na maneno, na vidole vilikuwa vimeanza kumkunjamana. Sarafu haina pa kutolea machozi. Yangu yalinibakia ndani yote, na nilimpenda mke wangu kiasi cha kuona aibu. Nilikuwa nimeipigia kelele huruma aliyonificha ili nisiaibike.

Akanigeuza upande wa pili, akamaliza, akaniweka juu ya kitambaa pamoja na wenzangu.

Kitambaa kikawa meza ya kibanda cha chai pale steji. Nilikuwa mtu tena, katika sare yangu ya kazi. Wakesho amekaa mbele yangu, wa umri wake, na kovu lake na mkunjo wake, akiwa amenuna. Sikuwahi kufurahi hivyo kuona mtu amenuna. Kati yetu, imesimama wima kwa ukingo wake, ipo shilingi arobaini.

"Nataka kukutumia," nikaiambia.

"Unajua sheria," ikasema. "Ukinitoa sirudi."

"Najua. Lakini niambie ukweli kwanza. Nyinyi wa ukumbusho mnafaa kuwekwa au hamfai?"

Sarafu ikajizungusha kidogo, kama inavyofanya ikifikiri. "Ukitafuta utajiri, hatufai. Afadhali ufuge kuku. Ukitaka kitu cha kumwonyesha mtu jioni, mkakaa mkakitazama pamoja na kuulizana mwaka ule mlikuwa wapi, hapo tunafaa. Wewe ulikuwa unatutazama ukiwa peke yako na umewapa watu mgongo. Mimi nilichoka muda mrefu."

"Nisamehe na wewe," nikasema.

"Mwite mwenye chai," ikajibu.

Mwenye kibanda alikuwa birika la bati lenye aproni. Likamimina chai mbili kwa kujiinamisha, kwa adabu kubwa, na kuleta mahamri mawili. "Thelathini na nane," likasema. Nikalipa. Shilingi arobaini ikaingia kwenye mkebe wa mauzo bila kugeuka nyuma, na nikasikia wenzake humo ndani wakiipisha ikae.

"Chenji yangu ni shilingi mbili," nikasema.

"Shilingi mbili nizitoe wapi?" birika likafoka kwa mvuke. "Sarafu zote mmezifungia makabatini mwenu mnazitazama! Chukua peremende mbili." Likatupa mezani peremende mbili zenye karatasi ya manjano, kama wafanyavyo dukani kila siku chenji ikikosekana, likaenda zake.

Nikamgeukia mke wangu.

"Mama Mkawasi," nikasema, "nilikupigia kelele kwa ajili ya sifuri. Nimepimiwa, nimeibeba kichwani, najua uzito wake. Ulinifanyia wema nikakuvunja moyo. Macho yangu yamekwisha, ni kweli, na nilikuwa naogopa kusema. Nisamehe."

Nikafungua peremende moja, na kwa kuwa macho yangu hayaoni vizuri nikaishika taya yake kwa kiganja kizima ili nisikose, nikamwekea mdomoni. Kwa mbali, huko Wundanyi, nikamsikia yule askari akipaza sauti, "Msiguse nyuso!" Sikuondoa mkono. Wakesho akaihamisha peremende kutoka shavu moja hadi jingine, akavuta pumzi, akafungua mdomo anijibu.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Kunguru walikuwa wameshaanza fujo zao juu ya bati, na mwanga ulikuwa umefika kwenye miguu ya kitanda. Wakesho alikuwa amelala akiutazama ukuta kama siku zote nne zilizopita, shuka imefika begani. Nililala chali, nimekata tamaa. Maneno yote mazuri nilikuwa nimeyamaliza usingizini, na sasa ilinibidi nianze upya nikiwa macho, na mtu akiwa macho huwa mwoga zaidi.

Ndipo nikasikia kitu kikigonga meno. Ko. Kimya kidogo, kisha tena, ko, upande wa pili wa mdomo.

"Baba Mkawasi," Wakesho akauambia ukuta.

Nikainua kichwa kutoka kwenye mto.

"Nani amenitia peremende mdomoni nikiwa nimelala?"

"Mimi," nikasema. Sauti ilitoka imepasuka. "Nisamehe, mama. Kwa yote ya Jumanne. Nilikosa."

Nikaanza kuhesabu kunguru. Mwishowe kitanda kikalia. Aligeuka akanitazama, mkunjo wake umesimama katikati ya nyusi, shavu moja limevimba.

"Yaani miaka yote hii," akasema, "hujui kwamba sipendi ya tangawizi."

Lakini hakuitema.